Mugeni Apitie Mulango wa Mbele

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Baraka na wale walioshuka kutoka Fizi-Centre, katika mukutano wetu wa mwisho wa mwezi



Kuna swali lilifika ku grupe yetu ya WhatsApp. Binti wa hapa Baraka anayesoma Bujumbura ana rafiki Muhindi, kijana anayeuza simu kule. Huyo kijana anataka kuvuka, afungue biashara upande wetu. Amesikia kwamba Baraka ni muji unaokua: watu wanashuka kutoka Misisi na zahabu, wanatoka ziwani na samaki, pesa inazunguka. Lakini anaogopa. Anauliza: mu Baraka kuna kartie gani ambayo mutu mwenye sura kama yangu anaweza kupanga nyumba na akalala usingizi?

Jibu la kwanza lililoandikwa pale ku grupe lilikuwa hili: "Umwambie akuje na dragi yake moja kwa moja." Vicheko vikajaa. Hakuna aliyejibu swali. Kwa hiyo leo nitalijibu, na nitajibu kwa urefu juu ile kicheko inasema mambo mengi kuhusu sisi.

Angalieni kwanza: yule kijana ni Muhindi. Hajawahi kugusa dragi. Lakini kwetu, mutu yeyote anayetoka Asia ni "Shinwa". Munganga Mufilipino akija na shirika la misaada, Shinwa. Muhandisi Mujapani, Shinwa. Watoto wanamukimbilia wakipiga kelele, wakubwa wanacheka, na huyo mutu anatabasamu juu hana namna nyingine. Na nyuma ya neno Shinwa kuna neno la pili ambalo hatulitamki: mwizi wa zahabu.

Sisemi kwamba hasira yetu haina sababu. Iko na sababu, tena nzito. Mwezi wa 8 mwaka 2021, gavana wa Kivu Kusini wa wakati ule, Théo Ngwabidje, alisimamisha kampuni sita za Wachina zilizokuwa zikichimba zahabu Mwenga. Wananchi walikuwa wamelalamika muda mrefu juu ya mito iliyogeuka matope na mashamba yaliyopinduliwa. Ilifika hatua, mwezi uliofuata, Wu Peng, mukubwa wa mambo ya Afrika ku wizara ya mambo ya nje ya China, akasema wazi kwamba wanaunga mukono ile amri ya gavana. Yaani hata Beijing ilikubali kwamba kulikuwa shida.

Halafu zamu yetu ikafika. Usiku wa kuamkia tarehe 21/11/2021, watu wenye silaha walishambulia fasi ya kuchimba zahabu ya Mukera, hapa hapa mu teritware ya Fizi. Walichukua Wachina watano. Polisi mumoja Mukongomani akauawa. Siku chache kisha, ubalozi wa China wa Kinshasa ukaambia raia wake watoke Fizi, Uvira, Mwenga na fasi zingine za mashariki. Jina la Fizi likaandikwa ku orodha ya fasi ambazo Muchina hapaswi kulala.

Wale watano, serikali yao iliwaulizia. Dunia nzima ilisoma habari yao. Yule polisi, nani humu ndani anajua jina lake? Nani anajua alikuwa na watoto wangapi?

Na mambo hayakuishia pale. Mwezi wa 1 mwaka 2025, wiki chache tu mbele ya Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, Wachina watatu walikamatwa upande wa Walungu wakiwa na vipande 12 vya zahabu na dola 800.000 taslimu, vimefichwa chini ya viti vya gari. Gavana Jean-Jacques Purusi ndiye aliyetangaza. Mwezi mumoja mbele ya hapo, Wachina 17 walioshitakiwa kuchimba bila ruhusa walikuwa wamekwisha kuachiliwa na kurudi kwao, na gavana mwenyewe akasema ameshangaa.

Gavana anashangaa! Sasa mama anayeuza mihogo ku Mutambala afanye nini?

Hapa ndipo ninataka tusimame kidogo. Dragi haifichwi mufukoni, makamarade. Ni chuma, ni mota, ni lori. Ikitoka ng'ambo inapita Kavimvira, fasi ambayo mama akivuka na kilo tano za vitenge anaulizwa kila karatasi. Ikishika barabara namba 5 kuelekea huku, inapita bariere moja, mbili, tano, na tunajua namna gani ku bariere wanakamua mutu wa pikipiki mpaka franka ya mwisho. Dragi inapita. Nani anaifungulia?

Sheria iko wazi. Kodi yetu ya madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, inasema uchimbaji wa mikono ni wa Mukongomani, mwenye karte yake, ndani ya koperative. Mugeni hana ruhusa ya kuingia mule. Ndiyo maana anaingia kwa kujifunika na koperative. Na kila koperative iko na prezida, na huyo prezida ni Mukongomani. Kila askari anayesimama na bunduki mbele ya shimo la kampuni anavaa uniforme ya Kongo. Kila hekari iliyopinduliwa kuna mukubwa alipokea kitu akasema "endeleeni". Muchina tunamuona juu sura yake iko tofauti. Yule aliyesaini hatumuoni, sababu anafanana na sisi, na siku ya ibada anaketi kiti cha mbele.

Minasema hivi: kumuita kila Muasia mwizi ni kazi rahisi, na inawafurahisha sana wale waliosaini. Tukipiga kelele "Shinwa" ku barabara, wao wanalala vizuri.

Wazee wetu wanasema mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Jembe maana yake anakuwa mutu wa nyumba: anafanya kazi na sisi, anakula alichotoa jasho. Hawa wa madini walikuja na jembe lao, lenye mota, hawakungoja kupewa. Wengi hawakukaa siku hata moja ku nyumba ya mutu. Walitoka ku gari wakaingia ndani ya uzio, na ndani ya uzio kuna chakula chao, maji yao, televisheni yao, na askari wetu wanalinda. Kijana wa kule mugodini anafanya nao kazi mwaka mzima na hajui jina la hata mumoja. Wao pia hawajui jina lake. Wanamuita "wewe".

Uzio tumeuona hata kwa watu wa amani. Kofia za buluu kutoka Pakistan waliishi hapa Baraka miaka, mpaka MONUSCO ilipofunga kazi yake Kivu Kusini mwezi wa 6 mwaka 2024. Wako waliolala macho wazi ili sisi tulale, tuwape haki yao. Lakini ujirani? Tulizoea kuwaona juu ya magari meupe, basi. Wengi wao ni Waislamu, na muji wetu una Waislamu tangu zamani za watu wa Ujiji. Walisali Mungu mumoja na majirani zetu, kila mutu upande wake wa waya. Siku walipoondoka, hapakuwa mama aliyesema "mutoto wangu fulani ameenda". Ninaona hiyo ni hasara.

Nikitaja watu wa Ujiji, niseme neno moja pembeni. Lugha hii ninayosema nanyi ilipanda mpaka ziwani na misafara ya biashara ya karne ya 19, Waswahili wa pwani na Waarabu wenye asili ya Oman. Oman iko Asia, makamarade. Kwa hiyo Muasia kufika huku si habari ya WhatsApp. Walituachia lugha, walituachia dini kwa wale walioipokea, na walichukua pembe na watu, wamefungwa minyororo. Yote mawili ni kweli. Mugeni anaweza kukuletea neno "baraka" na mukono mwingine ameshika kamba. Ndiyo maana sitaki tumupokee mutu kwa macho yamefungwa.

Sasa jibu la yule kijana.

Usitafute kartie ya wageni. Baraka haina, na heri isipate. Tafuta nyumba mu kartie ya kawaida, fasi ambapo mama jirani anaweza kugonga akuombe chumvi na wewe ukamutuma mutoto wake ku duka. Mbele ya kuhamisha kitanda, pita kwa shefu wa avenyu, jiandikishe, umwambie unatoka wapi na unakuja kufanya nini. Pita DGM na makaratasi yako, na kila franka utakayotoa uombe risiti. Ukisikia "hakuna risiti", ujue kwamba hiyo si taksi, ni mufuko wa mutu. Tuite, tutakuja pamoja na wewe.

Duka lako: sheria ya biashara ya Kongo, tangu mwaka 1973, inaiachia biashara ndogo mikono ya wenyeji. Usifungue kibanda cha kuuza karte za simu moja moja pembeni ya musichana wetu anayeuza hivyo hivyo. Utamuumiza, na watu watakuwa na haki ya kukasirika. Uza kwa jumla, huyo musichana anunue kwako. Chukua vijana wawili uwafundishe kutengeneza simu. Kijana aliyefundishwa kazi na wewe ndiye atakayesimama mulangoni siku watu wakija na hasira.

Usikodi soldat wa kulala ku mulango. Ninajua watu watakushauri ufanye hivyo. Siku unaweka bunduki ku mulango, kartie nzima inaanza kujiuliza unaficha nini, na wale wenye bunduki kuliko yako wanaanza kujiuliza vile vile.

Jifunze Kiswahili, kile chetu, si kile cha kitabu tu. Kibembe maneno machache yatakufungulia nyumba nyingi. Mu vijiji vya Wabembe kuna lubunga, fasi ambapo wanaume wanaketi na habari za kijiji zinaamuliwa. Mugeni anaulizwa pale, polepole, bila kugombezwa: wewe ni nani, nani amekuonyesha njia? Mu muji hatuna lubunga ku kila avenyu, lakini watu bado wanauliza vile vile kwa macho. Jibu mbele hawajauliza. Kula na watu. Ndakala wa ziwa hili hawana dini wala taifa.

Watoto watakuita Shinwa, pengine mwezi mzima. Ukiwaambia jina lako, watalishika haraka kuliko wakubwa.

Na usalama? Hapa sitamudanganya. Hatuwezi kumuhakikishia mutu usalama ambao sisi wenyewe hatuna. Bunduki ziko, vikundi viko, barabara inafungwa bila kuaga. Tunachoweza kuahidi ni kwamba hatari yake iwe sawa na yetu, isiongezeke juu ya sura yake. Hiyo tunaweza. Iko mikononi mwa watu walioketi humu.

Na ninyi wenye nyumba, musicheke. Nyumba ambayo Mubembe analipa dola 30, mugeni mweupe akiuliza inakuwa 150. Munasema "iko na pesa". Pengine iko. Lakini siku mumoja anapoona kwamba kila mutu anamukamua, mulango, maji, taksi ya pikipiki, ndipo anaenda kujenga uzio wake. Uzio ule na sisi tumeuchangia matofali.

Kuna watu wataniuliza: kwa nini tujali? Wao wanatujali kwao?

Ni swali la haki. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa Korona, Waafrika walifukuzwa ku manyumba na mahoteli ya Guangzhou, kule China, fasi ambapo wafanyabiashara wetu wanaenda kununua vitenge, viatu na simu. Watu waliokuwa wamelipa kodi yao walilala barabarani na mizigo, juu ya rangi tu: yule ni Mwafrika, basi iko na ugonjwa. Mabalozi wa Afrika waliandika barua kuilalamikia serikali ya China. Sote tuliona zile video, tuliumia. Mutu akiniuliza nilipize hapa Baraka, ninamuuliza: nilipize kwa nani? Kwa Muhindi wa simu? Aliyefukuza watu Guangzhou hayuko mu avenyu yetu. Tuliumia juu walihukumu sura. Tukihukumu sura hapa, basi hatukuumia juu ya ile tendo. Tuliumia juu lilitupata sisi.

Na ugeni tunaujua kuliko watu wengi. Tangu 1996 watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maboti, usiku, wakaenda Kigoma. Wako humu waliozaliwa Nyarugusu. Wako waliosoma Lugufu mpaka ile kambi ilipofungwa 2009. Mulikuwa munaitwa nani kule? Mulikula kwa mupango wa nani? Kuna Watanzania waliowapa wazazi wetu kipande cha shamba bila kuandikiana kitu, na wako waliowakamata ku barabara kwa kosa la kutoka ku kambi kutafuta kuni. Sisi tunakumbuka majina ya wote wawili. Na tangu 2015 Warundi wako Lusenda, baadaye Mulongwe, wanakata miti ile ile, wanateka maji yale yale, na pamoja na malalamiko yote bado tunauziana mboga na kuzikana. Sisi si watu wasiojua kupokea.

Sasa neno gumu zaidi, na ninaomba munisikilize mpaka mwisho. Mu Fizi, neno "mugeni" liko na damu. Mu milima ya juu ya muji huu, watu wamechomewa vijiji na kunyang'anywa ng'ombe, pande zote, na kila upande unaanza na sentensi moja: "Wale si wa hapa." Tunasoma mutu ku pua, ku urefu, ku namna anavyotamka neno. Wabembe wamezika, Wafuliru wamezika, Wanyamulenge wamezika. Mutoto anayefundishwa leo kumutupia jiwe Muasia juu ya macho yake, kesho hatahitaji somo jipya. Atabadilisha sura tu. Ndiyo maana habari ya Muhindi mumoja wa simu imetuketisha saa nzima.

Kufukuza tumekwisha kujaribu. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972. Mobutu, tarehe 30/11/1973, akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire: maduka ya Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wapakistani. Ulizeni wazazi waliokuwa watu wazima wakati ule. Maduka hayakuenda kwa mama wa soko. Yalienda kwa rafiki za wakubwa, wakauza kilichokuwa ndani, na rafu zikabaki na vumbi. Miaka michache tu kisha, serikali yenyewe ikaanza kuwaita wenye mali warudi. Ninataka vijana mujue hii juu siku moja mwanasiasa atakuja na mikrofone kuwaambia "Wachina watoke", na mutapiga makofi. Mbele ya kupiga makofi, mumuulize: dragi zitabaki na nani?

Harakati yetu imeandika mambo tunayoomba, na tutayapeleka kwa maandishi ku ofisi ya meya na ku ofisi ya teritware. Majina ya koperative zote zenye ruhusa mu Fizi yabandikwe ku ukuta, pamoja na jina la kampuni ya kigeni iliyo nyuma ya kila moja, kama iko. Kontra zisomwe mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili, mbele hazijasainiwa. Askari waondoke mbele ya mashimo ya zahabu. Mugeni anayefanya kazi bila makaratasi apelekwe mbele ya sheria, na Mukongomani aliyemuingiza apelekwe siku hiyo hiyo, ku gari moja. Na mugeni mwenye makaratasi yake, asiguswe.

Kazi ya kwanza ni yetu wenyewe. Juma­mosi, saa mbili za asubuhi, tutagawana avenyu. Wawili wawili, tutapita kwa mashefu wa avenyu kuuliza wageni wangapi wameandikishwa kwao, wanalipa nini, na nani anawaomba pesa bila risiti. Murundi, Mutanzania, Muchina, Muhindi, wote. Binti wa Bujumbura atapewa jibu kisha hapo, na fasi mbili tatu za nyumba ambazo wenyewe wamekubali bei ya kawaida. Mutu anayejua kuandika vizuri aniletee jina lake mbele hatujatoka. Na mwenye pikipiki aseme, sababu Kalundja ni mbali kwa miguu.